Miwani ya Robo Saa

Kila Jumanne Everlyn alifika dukani saa moja na nusu, akafungua kufuli mbili, akamwaga maji ya jana kwenye mtaro, akajaza beseni maji mapya. Ndani ya beseni alitia tone moja la sabuni ya vyombo. Hakutia mawili, kwa sababu mawili huacha utando kwenye lenzi. Halafu alivuta kigoda, akaketi, akaanza kuosha miwani za marehemu.

Duka lilikuwa la Mzee Idarus, karibu na msikiti wa Jamia, limebanwa kati ya duka la vitambaa na duka la vifuniko vya simu. Upana wake ulikuwa wa mtu mmoja aliyenyoosha mikono. Baba yake Idarus alitoka Lamu akalifungua mwaka ule ule bendera ilipobadilishwa, akauza miwani mpya, za kusomea na za jua. Idarus akaongeza zilizovaliwa. Mtu akifa, wenyewe hugawana ng'ombe, makoti na redio, lakini miwani yake ya jua hakuna anayeitaka na hakuna anayethubutu kuitupa. Huishia kwenye droo, na droo ikijaa huishia kwa Idarus.

Miwani ya jua iliyovaliwa kwa mapenzi huweka jua. Pale dukani jambo hili lilijulikana kama inavyojulikana kwamba sufuria iliyopikiwa samaki hunuka samaki. Ukiivaa, unapaona pale uliposimama kama palivyokuwa siku ile moja mwenyewe alipoipenda kuliko siku zote. Kazi ya Everlyn ilikuwa kuivaa kila moja, kusimama mlangoni, kutazama barabara, kisha kuandika kwenye stika mwaka na hali ya hewa. Mwaka aliukisia kwa mabasi, kwa mabango na kwa urefu wa majumba. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, kwa maana shule aliiachia darasa la sita. 1968, MAWINGU. 1984, VUMBI. 1997, MVUA TUPU.

Rafu ya juu kabisa ilikuwa ya fremu nyembamba za rangi ya dhahabu, lenzi za kijani zenye umbo la tone. Mzee Idarus alisema hizo zilianza kwa marubani, ambao walilazimika kutazamana na jua, halafu zikashuka ardhini zikavaliwa na polisi, na mawaziri, na madereva wa mawaziri. Rafu ya pili ilikuwa ya zile zenye ncha zilizopinda juu kama masikio ya paka, walizovaa makarani wa kike wa miaka ya sitini wakienda kula chakula cha mchana. Ya tatu ilikuwa ya zile kubwa za mviringo zilizofunika nusu ya uso. Chini kabisa kulikuwa na plastiki. Kila baada ya miaka kumi hivi vijana walikuja kuulizia rafu ambayo wazazi wao waliiona ya kishamba, na Mzee Idarus, ambaye hakuwahi kutupa hata moja, alipanda ngazi akawateremshia.

"Kofia hufa," alikuwa akisema. "Suruali hufa. Miwani ya jua hulala tu, mwanangu. Ukiona haivaliwi, ngoja."

Sheria ya duka ilikuwa moja: miwani yenye jua la zamani haiuzwi kwa mtu anayeendesha chombo. Asubuhi hiyo mwenye bodaboda mmoja alikuwa amesimama mlangoni akiililia ya rafu ya juu.

"Madam, nipe tu hiyo ya kutisha. Nitaivaa nikiwa nimepaki."

Everlyn alitikisa kichwa. Hakuwa msemaji.

"Wa mwisho aliyesema hivyo," Mzee Idarus alijibu kutoka ndani, "aliingia ukuta wa benki. Kwake yeye palikuwa na mti wa kivuli."

"Si hata mti angeukwepa?"

"Aliukwepa. Ndipo akauingia ukuta."

Mwenye bodaboda akacheka, akachukua ya plastiki, akaenda zake. Aliyemfuata ni Becky, msichana wa chuo aliyekuwa amenunua ya 1997 wiki iliyopita. Hakutaka kuirudisha. Alitaka kuuliza kama ilikuwapo nyingine ya kumfaa dadake.

"Lakini hiyo inanyesha," Everlyn alisema.

"Wee, najua. Natembea na mwavuli, watu wananiangalia. Lakini si unaona vile zimenikaa?"

Saa nne mwanamke wa makamo aliingia na sanduku la viatu. Jina lake lilikuwa Anita, alitoka Loresho, na gari alikuwa ameliacha mbali kwa sababu ya kukosa maegesho. Alilifungua sanduku juu ya meza. Zilikuwamo miwani kumi na moja.

"Ni za baba mkwe," alisema. "Tulimzika Ijumaa. Mzee alipenda miwani kuliko watu."

"Poleni sana, mama," Mzee Idarus alisema. "Mungu awape subira. Marehemu aliitwa nani? Tunaandika kwenye kitabu."

"Kiragu. Wengine walimwita Kiragu wa Plot."

Everlyn hakuinua kichwa. Jina hilo kwao halikutajwa. Nyanya yake, Shosho Virginia, alipolazimika kulitaja alisema tu "yule", na kila mtu chumbani akajua ni yule gani. Everlyn aliutumbukiza mkono sandukuni akatoa miwani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa na fremu ya dhahabu na lenzi za kijani. Mkono wa kushoto wa fremu haukuwa na skrubu. Mahali pa skrubu palifungwa uzi wa katani wa zambarau, uzi wa kusukia kiondo, na fundo lake lilikuwa la mizunguko mitatu, mkia umefichwa ndani.

Fundo lile Everlyn alilijua. Ndilo lililofunga begi lake la shule, ndilo lililofunga pazia lao, mfuko wao wa chumvi na mlango wa choo cha ploti. Hakuna mtu mwingine ila Shosho aliyefunga hivyo.

Anita alipoondoka Everlyn aliiosha miwani ile. Kwenye lenzi ya kulia palikuwa na alama ya kidole gumba, ya rangi ya wino, na haikutoka kwa tone moja la sabuni wala kwa matano. Akaivaa, akasimama mlangoni. Barabara ilikuwa ya mwaka wa sabini na tisa, jua zuri, vijana wenye suruali zilizopanuka chini. Basi la bluu lilipita. Baada ya dakika kumi na tano basi lile lile la bluu lilipita tena, na kijana yule yule akaruka dimbwi lile lile.

"Inarudia," alimwambia Mzee Idarus.

Mzee aliijaribu, akasimama na saa mkononi. "Robo saa," alisema. "Zilizo nyingi huweka siku nzima. Hii imeweka robo saa peke yake. Mtu aliipenda mno, kisha akavuliwa." Aliivua akaitazama ile kamba ya zambarau, kisha akamtazama Everlyn, ambaye machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. "Nenda nayo kwenu, mwanangu. Miwani yenye fundo la mwenyewe haiuzwi."

Kisa cha miwani ile Everlyn alikuwa amekisikia tangu utotoni, mpaka kimechakaa kama shuka. Shosho Virginia alikuwa na shamba Dagoretti Corner, nyuma ya pale penye maduka sasa, alilorithi kwa marehemu mumewe. Mpaka wake ulikuwa mstari wa itoka, yale maua ya mpakani ambayo hakuna Mkikuyu wa heshima angeyang'oa. Kiragu alikuwa kijana dalali mwenye nywele kubwa na kitana mfukoni. Alikuja kuomba kukodi shamba miaka mitano apande nepia, nyasi za kulisha ng'ombe. Shosho akakubali. Siku ya kutia kidole kwenye karatasi, mkono wa miwani ya Kiragu ulikuwa umelegea, na Shosho aliyekuwa akisuka kiondo akaufunga kwa uzi. Kiragu akashukuru, akamwambia: hebu ijaribu. Shosho akaivaa. Akatia kidole. Miaka mitano ilipokwisha kulikuwa na ua wa mabati, na karatasi ilisema ameuza.

Mwaka wa themanini na nne Shosho alipeleka pingamizi katika ofisi moja ya serikali. Alisema kidole kile hakikuuza. Pingamizi likaingizwa kwenye faili, na faili ikawekwa juu ya faili nyingine. Hakuna aliyeamua, kwa hiyo Kiragu hakuweza kujenga na Shosho hakuweza kulima. Miaka arobaini mabati yakashika kutu, nepia ikaota yenyewe. Ila mwaka huu mwanawe Kiragu, Jeremy, mume wa Anita, alikuwa amesimamisha bango kubwa la ghorofa kumi na mbili zijazo. Katika bango hilo mwanamke mwenye miwani kubwa ya jua alikuwa akicheka kando ya bwawa la kuogelea.

Jioni ile, katika chumba chao cha Kawangware, Everlyn aliiweka miwani kwenye mapaja ya Shosho. Shosho alikuwa na miaka themanini na minne. Aliipapasa, akafika kwenye uzi, akaunusa.

"Hata skrubu hakununua," alisema.

"Shosho, amekufa."

"Nimesikia redioni. Walisema alikuwa mtu wa maendeleo." Aliigeuza miwani. "Miaka yote hiyo amefungwa na uzi wangu. Evalini, kesho unipeleke shambani tuione ile karatasi."

"Tukiona, tutafanya nini?"

"Waweru ataona."

Waweru alikuwa mwana wa pekee wa Shosho aliyebaki hai. Alikuwa fundi wa sofa kando ya Barabara ya Ngong, hatua mia mbili kutoka kwenye ule ua wa mabati. Siku ya karatasi alikuwa na miaka tisa, yuko shuleni. Aliporudi alimkuta mama yake akieleza majirani jinsi miwani ilivyompendeza, na tangu alipoelewa shamba limekwenda wapi, aliamini kwamba mama yake aliliuza kwa kuvalishwa miwani. Kila alipomwona barabarani aliwasha mashine ya randa, hata kama hapakuwa na ubao. Lakini pingamizi lilihitaji mwanamume wa nyumba anayejua kusoma, kwa hiyo asubuhi Everlyn alimwacha Shosho kwenye kibanda cha chai, akavuka barabara peke yake. Alisimama mbele ya mashine mpaka ikabidi Waweru amwone.

"Uncle."

"Niko kazi."

"Uncle, kuna karatasi nataka unisomee. Ni ya Kizungu."

"Iko wapi?"

"Iko sabini na tisa."

Waweru aliizima mashine.

Ua ulilindwa na mlinzi aitwaye Kitavi, mwenye sweta kubwa na redio ndogo. Aliwauliza wanaingia kufanya nini. Everlyn akajaribu kueleza, akashindwa, akamvisha miwani. Kitavi alitazama upande wa lango.

"Aisee," alisema. "Kumbe hapa nimesimama ni zizi." Akasogea kando kidogo, akakifuta kiatu, akawafungulia.

Shosho aliivaa, akatembea mikono mbele, Everlyn akimshika kiuno asiingie kwenye mashimo ya leo. Alipita palipokuwa na mlango, akauzunguka mparachichi ambao haukuwapo, akasema polepole, "Itoka bado imesimama. Ng'ombe amekula kamba tena, mjinga huyu." Halafu akasimama. "Hapa ndipo meza ilipowekwa. Leteni kitu cha kukalia."

Kitavi alileta jerikeni. Shosho aliketi. Waliobaki waliona kikongwe mwenye miwani ya ujana amekaa juu ya jerikeni katikati ya nepia, na wakaona uso wake ukianza kutabasamu. Akatabasamu robo saa nzima. Kisha akaivua kwa ghafla, kama mtu aliyeguswa bega.

"Umeiona karatasi?" Waweru aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake katika miaka kumi na mitatu, na aliliuliza akitazama kwingine.

"Sikuitazama. Kaa wewe."

Waweru alikaa, akavaa miwani. Everlyn alishika daftari la risiti na kalamu. Waweru alianza kusema anayoyaona, kwa sauti ya mtu anayepima mbao.

"Kuna meza. Nimeikumbuka, mguu mmoja mfupi. Kuna kiondo hakijaisha. Mikono miwili juu ya meza, ya mwanamke. Ni mikono yako. Mwanamume amekaa kushoto. Ananukia pomedi, au naona tu. Karatasi iko chini ya mkono wake. Amesogeza. Imeandikwa, mimi Virginia, mke wa marehemu, halafu jina la baba. Imeandikwa nimeuza. Haijaandikwa kukodi. Nimeuza, pamoja na kila kilichoota juu yake."

Everlyn aliandika: NIMEUZA.

"Amekuambia nini wakati huu?" Waweru aliuliza.

"Kwamba nepia itaota vizuri," Shosho alisema.

"Ameshika kidole chako gumba kwa mkono wa kulia. Anakitia kwenye wino. Sasa anakipeleka."

"Na mkono wa kushoto?" Everlyn aliuliza.

"Wa kushoto ameshika kioo. Kile kidogo cha mfukoni. Amekushikia ujitazame."

Upepo ulipita kwenye nepia. Kitavi aliipunguza sauti ya redio.

"Unacheka," Waweru alisema.

"Ilikuwa imenipendeza."

"Mama, anakuibia na unacheka."

"Sijawahi kukataa kwamba nilicheka," Shosho alisema. "Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Baba yako alikuwa ametuacha miaka mitatu. Hakuna aliyekuwa amenishikia kioo."

Waweru hakuivua miwani. Robo saa iliisha, ikaanza tena, na alibaki amekaa pale pale, midomo wazi. Everlyn alidhani anaisoma tena karatasi. Baadaye aligundua kichwa chake hakikuwa kimeinama kuelekea kwenye meza. Kilikuwa kimeinuka kidogo, kuelekea mahali palipokuwa na kioo, ambamo mama yake alikuwa mwanamke kijana mwenye mwanya, uso aliokuwa ameusahau kabisa.

"Twende ofisini," alisema alipoinuka. "Nitasema mimi."

Ofisini walipanga foleni toka saa tatu hadi saa nane. Karani aliyewahudumia aliitwa Debra. Alikuwa mpole, mwenye mafua na leso mkononi. Aliwasikiliza hadi mwisho bila kuwakatiza, jambo ambalo Waweru alilisimulia baadaye kwa heshima. Akaiomba miwani. Akaivaa, akatazama chumba chake.

"Faili ni zile zile," alisema. "Hata hii ya juu, hii yenye chai, iko. Mtu aliyekaa kiti changu amelala." Akaivua. "Sasa shida ni kwamba ile karatasi mliiona kule, na mimi niko huku. Siwezi kuandika kwamba nimeona kitu ambacho kilionekana kule."

"Njoo kule basi," Waweru alisema.

"Gari la ofisi halina matairi." Aliipangusa pua. Ndipo akaiona ile alama kwenye lenzi. "Hiki kidole ni cha nani?"

"Ni changu," Shosho alisema haraka. Alikuwa ameingoja nafasi hiyo toka asubuhi. "Nilikuwa na wino mkononi. Nilipoivua niliigusa. Ni changu, na hiyo ndiyo miwani yake. Mnaona, sikudanganya. Kila kitu nilichosema kilikuwa hivyo."

Debra alikwenda ndani, akakaa sana, akarudi na faili iliyofungwa kwa utepe uliokuwa mwekundu zamani. Akaifungua kwenye karatasi ile. Akatoa kioo cha kukuzia, akakitua kwenye karatasi, kisha kwenye lenzi, kisha kwenye karatasi. Kwenye alama zote mbili palikuwa na kovu dogo la mundu, limeukata mduara wa kidole pale pale.

"Zimefanana," Debra alisema, na uso wake ulijaa furaha ya kweli. "Kabisa kabisa. Mnajua hii faili imekwama tangu themanini na nne? Kulikuwa na pingamizi kwamba kidole si cha mwenye shamba. Wote walioishika walishindwa kuthibitisha, kwa sababu shosho hapa hakuacha alama nyingine yoyote ya siku ile. Sasa tunayo." Alichukua muhuri, akaupumulia, akaugonga. "Kidole ni chake. Pingamizi limefungwa. Asanteni sana kwa kuja, watu wengi huwa hawaleti ushahidi."

Waweru alisema hiyo siyo maana. Alisema mama yake alikuwa akitazama kioo. Alisema mkono ulishikwa. Debra aliandika yote pembeni mwa karatasi kwa penseli, kwa mwandiko mzuri, akawaonyesha kwamba ameyaandika. Kisha akaita nambari iliyofuata.

Kwenye ngazi Shosho alisimama kupumzika. Mazungumzo ya mwisho yalikuwa ya Kizungu, hakuyapata.

"Wamesema nini?"

"Wamesema ni wewe," Waweru alijibu.

"Si ndivyo nimekuwa nikisema?"

Waweru alimtazama Everlyn, na Everlyn akatazama viatu vyake. Mwanamume yule akampa mama yake mkono, ngazi moja baada ya nyingine, hadi chini.

Jumatatu tingatinga liliingia.

Ghorofa zilipanda haraka, kama zinavyopanda siku hizi. Mparachichi ambao haukuwapo ukawa lifti. Zizi likawa kibanda cha Kitavi, ambaye alibakizwa kazini kwa sababu alilijua lango. Mahali pa meza pakawa eneo la kuegesha magari, nambari kumi na nne. Na kila siku isiyo ya mvua, saa nane, Shosho alishuka kutoka Kawangware na fimbo yake, Kitavi akamfungulia mlango mdogo, naye akaketi nyuma ya mstari wa nambari kumi na nne, akavaa miwani.

Aliketi juu ya kigoda alichotengenezewa na Waweru, cha mbao ngumu na mto mwekundu uliobaki kwenye sofa ya mtu. Waweru hakuwasha tena mashine akimwona. Siku za Jumapili, baada ya kanisa, alikuja kuiomba miwani, akaketi pale robo saa moja, mara nyingine mbili, akairudisha. Kwamba amesamehe, hakusema. Kwamba hajasamehe, hakusema pia.

"Leo umeiangalia karatasi?" Everlyn aliuliza kila jioni.

"Leo nilikuwa nimeamua kabisa," Shosho alijibu kila jioni. "Nikasema akileta tu karatasi, macho chini. Halafu akatoa kioo."

Halikuwa kosa la miwani. Waweru aliangalia chini akasoma, Everlyn aliangalia chini akasoma kwa kuunganisha herufi, hata Kitavi alisoma. Shosho peke yake ndiye ambaye shingo yake haikukubali. Kioo kilipotokea alijitazama, na kila siku alikuwa mrembo, na kila siku kidole chake kilikwenda kilikopelekwa.

Bango lilibaki limetundikwa kwenye ukuta wa maegesho, lile la mwanamke anayecheka kando ya bwawa, miwani kubwa usoni. Shosho alilitazama siku moja akiwa amevua yake.

"Na huyu," alimwuliza Kitavi, "wanampeleka kidole wapi?"

Kitavi alicheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka.

Alhamisi moja, saa nane na dakika kumi, gari jeupe liliingia kwenye maegesho. Alikuwa Anita, amekuja kuwaonyesha wanunuzi nyumba ya ghorofa ya tisa. Alishusha kioo cha dirisha, na alipomwona kikongwe mwenye fremu ya dhahabu na lenzi za kijani alisahau alichotaka kusema.

"Wee, shosho! Hizo miwani ni moto! Umezitoa wapi?"

"Ni za zamani," Shosho alisema.

"Zimerudi saa hii, kila mtu anazitafuta. Binti yangu ataniua nikimwambia nimeziona." Alitazama ule uzi wa zambarau, akaupenda pia. "Hata hako kauzi. Hiyo ni staili kabisa."

"Asante."

"Sogea kidogo basi, shosho, niingize gari."

Shosho aliinuka, akasogeza kigoda hatua moja na nusu. Ilikuwa dakika ya tisa ya robo saa. Kwa kusogea kule kioo cha Kiragu kilitoka mbele yake kikabaki kimeinuliwa hewani, kikimtazamisha mtu ambaye hayupo, na kwa mara ya kwanza Shosho aliiona meza, na karatasi, na kidole chake mwenyewe. Kidole kilikuwa kimeshainuliwa. Wino ulikuwa bado unang'aa.

Gari jeupe likasimama pale pale palipokuwa na meza. Anita akatoka, akamwambia asante, akaenda kwenye lifti. Shosho aliisukuma miwani vizuri puani kwa kidole gumba, akaegemea fimbo, akangoja robo saa ianze upya.